Omega ya dhahabu ya 1957, saa yangu ya kwanza ya zamani: miezi 14 mkononi

Nimeivaa saa hii miezi 14, mvua na jua, kwa hiyo sasa naweza kuisema bila kuionea na bila kuipamba. Ni Omega ya kutia ufunguo, kasha la dhahabu ya karati 9, kipenyo milimita 34, mashine ya kalibre 267, yaani namba ya muundo wa mashine. Haionyeshi tarehe, wala haina rangi inayong'aa gizani. Uso wake zamani ulikuwa mweupe, leo ni wa krimu. Alama za saa ni vijiti vyembamba vya dhahabu, na sehemu ya chini kuna duara dogo ambamo mshale wa sekunde unazunguka peke yake. Mgongoni pamechongwa maneno aliyoandikiwa mtu mwingine. Maneno hayo ndiyo yaliyowafanya wanunuzi wengine waiache, na ndiyo yaliyonifanya mimi niichukue. Nitayafikia.

Nilipoanza kutafuta nilitaka dhahabu tu. Sikuwa nimejiuliza dhahabu kiasi gani. Saa ya kwanza niliyokaribia kuilipia ilitangazwa kuwa ya dhahabu, na kwenye picha ilimeremeta kuliko hii ninayoiandikia leo. Nikamwomba muuzaji picha ya mgongo. Pembeni kabisa, kwa herufi ndogo, paliandikwa kwa Kifaransa: plaqué or 20 microns. Mikroni 20 ni milimita 0.02. Hiyo ni saa ya kuchovya, ngozi ya dhahabu juu ya madini mengine ya bei nafuu. Nikaomba picha ya miguu inayoshika mkanda, kwa karibu, na pale kwenye ncha, mahali ambapo mkono wa shati husugua kila siku, njano ilikuwa imekwisha na kijivu kinachungulia. Saa za kuchovya zenye mashine nzuri zipo nyingi, na anayejua anachonunua hajapunjwa. Kosa ni kulipia ngozi kwa bei ya nyama.

Kwa hiyo nikajifunza kusoma mihuri kabla ya kuangalia uzuri, na huu ndio ujuzi wa kwanza ningempa yeyote anayeanza. Kwenye saa za Uswisi za karne ya 20, hadi 1995, kichwa cha mwanamke anayeitwa Helvetia kilimaanisha karati 18, yaani sehemu 750 kati ya 1000, na kindi alimaanisha karati 14, sehemu 585. Kwenye makasha ya Uingereza unatafuta tarakimu: 9 na .375, au taji na 18, pamoja na alama ya mji uliopima dhahabu hiyo na herufi moja inayotaja mwaka. Nanga ni Birmingham. Maandishi yanayosema 10K na sehemu 1/20 yanamaanisha tabaka lililobanwa juu ya madini mengine: ni nene kuliko la kuchovya, lakini bado ni tabaka. Na ukiona mgongo umeandikwa kwamba ni chuma kisichoshika kutu ilhali mbele ni njano, karibu kila mara hiyo njano ni ya juu juu. Mihuri iliyo muhimu mara nyingi huwa ndani ya mgongo. Asiyekubali kufungua mgongo, muage kwa heshima.

Saa ya pili niliyoikaribia ilikuwa ya karati 18, kichwa cha Helvetia kimesimama wazi kama kilipigwa jana. Dhahabu haikuwa na shaka. Uso ndio ulionizuia usingizi. Kazi yangu ni kusahihisha prufu, kurasa kabla hazijachapwa. Mchana kutwa natazama herufi, nafasi kati ya herufi, mstari uliopanda nusu nywele. Kwenye uso ule, jina la Omega lilikuwa zito kuliko linavyotakiwa, kana kwamba wino ulilowa ukatawanyika. Vijimistari vya dakika havikukutana na vijiti vya saa. Viwili vilipita pembeni. Na chini kabisa, mahali ambapo maneno Swiss Made hukaa yamejikunyata chini ya ukingo, hapakuwa na kitu. Uso ulikuwa umefutwa na kupakwa upya. Muuzaji akasema, kwa upole, kwamba uso mpya ni faida. Kwa anayetaka kuvaa tu, sawa. Lakini uso ndio ukurasa wenyewe wa saa, na ukurasa ulioandikwa upya na mtu asiye mwandishi siwezi kuulipia kama nakala ya kwanza. Nikaiacha, na niliumia kuiacha, maana kasha lilikuwa zuri mno.

Hii ya tatu ilikuja na picha mbaya. Kioo kimejaa mikwaruzo, mkanda wa ngozi umekakamaa, na picha ya mgongo imepigwa kwa kiza makusudi, nadhani ili maandishi yasisomeke. Nikaomba mambo manne: ndani ya mgongo, mashine, ubavu wa kasha, na miguu ya mkanda kwa karibu. Zilipofika picha, kwanza nilishtuka. Ndani ya mgongo kulikuwa na jina la Dennison. Mimi nikadhani nimeletewa saa ya kuungaunga: mashine ya Omega ndani ya kasha la mtu baki.

Kumbe hapo ndipo mwanzoni wengi hukimbia kitu kizuri. Dennison ilikuwa kampuni ya makasha ya Birmingham, iliyotokana na Aaron Lufkin Dennison, Mmarekani aliyekuwa miongoni mwa waanzilishi wa kiwanda kilichokuja kuitwa Waltham kabla ya kuhamia Uingereza. Kwa miaka mingi Omega ilikuwa ikituma mashine na nyuso kutoka Uswisi, na makasha ya dhahabu kwa ajili ya soko la Uingereza yakatengenezwa na Dennison, hadi kampuni hiyo ilipofungwa mwaka 1967. Kasha la Dennison kwenye Omega ya karati 9 ya miaka hiyo ni la halali kabisa. Linapaswa kuwa hivyo.

Nikaketi na lenzi na picha zile kama ninavyoketi na prufu. Nanga ipo. 9 na .375 zipo. Herufi ya mwaka inaangukia 1957. Namba ya mashine, tarakimu nane, inaanza na 15, na wakusanyaji huziweka namba za milioni 15 karibu na 1957. Halafu mgongoni, kwa nje, ile tarehe iliyochongwa: Machi 1959. Saa imetengenezwa, imevishwa kasha, imekaa dukani, imenunuliwa na kutolewa zawadi, na kila hatua imeacha tarehe yake, tena tarehe zinapangana kwa mfuatano ule ule ambao mambo hutokea. Mtu anaweza kubadilisha mashine. Anaweza kupata mgongo mwingine. Lakini kupata mashine ya 1957, mgongo wa 1957 na mchongo wa zawadi wa miaka miwili baadaye, vyote vikubaliane kwa bahati, hiyo ni kazi ngumu kuliko faida yake. Yale maneno ambayo muuzaji aliyaona aibu yalikuwa ndiyo shahidi wangu bora. Nikalipa siku hiyo hiyo.

Niseme juu ya mashine, kwa sababu dhahabu haikwambii lolote kuihusu. Kalibre 267 inatoka katika familia iliyoanza mwaka 1939 kwa jina la 30T2, ikiitwa hivyo kwa kuwa kipenyo chake ni milimita 30. Kwa saa ya mkono hiyo ni mashine kubwa, na ukubwa wake una maana: pana nafasi ya gurudumu pana la mizani, lile linaloyumba kwenda na kurudi kupima wakati, na ya kamani yenye nguvu ya kutosha. Ndugu zake zilizosukwa kwa uangalifu zaidi zilipelekwa kushindania usahihi katika vituo vya kutazama nyota vya Kew, Geneva na Neuchâtel. Ndugu nyingine, kalibre 283, iliingia ndani ya saa za marubani wa jeshi la anga la Uingereza za mwaka 1953. Yangu si ya mashindano wala ya rubani. Ni ya kawaida, vijiwe 17 vya rubi vya kupunguza msuguano, mapigo matano kila sekunde, na kinga ya mtikisiko kwenye mhimili wa mizani. Ila damu ni ile ile, na lililo muhimu kwa mnunuzi wa mara ya kwanza ni kwamba mashine za familia hii zilitengenezwa kwa wingi mno hadi miaka ya 1960. Fundi anazijua. Vipuri vinapatikana. Nimeona wenzangu wameanza na saa ya dhahabu ya jina lisilosikika, mashine yake ikavunjika jino moja, na tangu hapo saa imelala kwenye kisanduku.

Ukifungua mgongo, unakuta rangi ambayo sikuitarajia: wekundu wa shaba iliyong'arishwa, sahani zote zimepakwa hivyo, zimetulia, bila madoido. Kwa macho yangu ndiyo sehemu nzuri kuliko zote za saa hii, na imefichwa.

Sasa lawama, na ninayo moja kubwa. Muuzaji aliandika kwamba saa imehudumiwa. Neno hilo, kwenye saa za zamani, nimejifunza kulisikia kama ukimya. Saa ilipofika ilikuwa inatembea, inapendeza, na inakimbia karibu sekunde 40 kwa siku. Nilimpelekea fundi. Akaiweka kwenye kile kifaa kinachosikiliza mapigo, akanionyesha namba: gurudumu la mizani lilikuwa likizunguka digrii 190 tu kila upande, saa imetiwa ufunguo mpaka mwisho. "Hii haijaguswa miaka," akasema. "Aliyekuuzia ameifuta vumbi kioo." Ndani mafuta yalikuwa yameganda na kuwa gundi ya kahawia. Kuendelea kuivaa vile kungekuwa kama kuendesha gari lisilo na oili: linakwenda, lakini vyuma vinalana.

Fundi aliivua yote, akaisafisha, akabadilisha kamani, akaipaka mafuta mapya. Iliporudi mizani ilikuwa digrii 275, na saa ikakimbia sekunde 6 kwa siku ikilala chali, 11 ikisimama. Kwa kitu kilichoundwa 1957 sidai zaidi. Ikitiwa ufunguo hadi ukomo, haisimami mpaka saa 43 zipite. Lakini gharama ya fundi ilikuwa sehemu kubwa ya bei niliyolipa, na nilikuwa sijaipangia. Kama muuzaji hana karatasi ya fundi yenye tarehe, hesabu kwamba saa haijahudumiwa, na uitoe gharama hiyo kwenye bei kabla hujakubali. Mimi sikufanya hivyo, na nilimwandikia muuzaji mara mbili bila jibu.

Wakati saa imevuliwa, nilimwomba fundi alipime kasha peke yake, kwani huwezi kujua dhahabu ina uzito gani huku mashine ya shaba na chuma imo ndani. Gramu 11.6. Zidisha kwa 0.375, unapata gramu 4.35 za dhahabu halisi. Hesabu hii ifanye kabla, kwa kukisia, kisha umuulize sonara bei ya gramu ya siku hiyo. Utapata sakafu: bei ambayo chini yake saa haiwezi kushuka hata ikiharibika kabisa. Inatuliza moyo. Inahuzunisha vilevile, maana ndiyo hesabu ambayo imepeleka saa nyingi kama hii kuyeyushwa. Mtu huipiga, anachomoa mashine nzima inayopumua, anaitupa kwenye mfuko, na kasha linaingia motoni.

Karati 9 wengine huidharau. Rangi yake imepauka ukilinganisha na karati 18, ina kawekundu kidogo, na kwa kuwa zaidi ya nusu ni shaba, fedha na madini mengine, hufifia usipoifuta. Lakini ni ngumu zaidi. Miguu ya mkanda kwenye saa yangu bado ina kingo zake, ingawa upande wa kulia aliwahi kupita mtu na gurudumu la kung'arishia akaulainisha. Ukiziweka pembe zote nne kwenye mwanga mmoja utaona moja imekuwa mviringo. Kila kung'arisha ni kuondoa dhahabu. Nimemwambia fundi asiguse kasha, na alielewa bila kuuliza.

Kuhusu kuivaa. Kioo ni cha plastiki ya akriliki, kinakwaruzika kwa ukuta tu, na kinang'arishwa kwa dakika kumi na dawa ya kusugulia na kitambaa laini. Maji haiyapendi kabisa: mgongo umebanwa tu, hauna mpira wa kuzuia. Naivua kabla ya kunawa. Milimita 34 nilidhani itaonekana ya mtoto. Wiki ya pili nikaacha kuliwaza, na sasa saa kubwa ndizo zinazoonekana kwangu kama sahani. Rangi ya kung'aa gizani niliikwepa kwa hiari, kwa sababu kwenye saa nyingi za miaka hiyo rangi hiyo ni ya radiamu, na radiamu hupungua nusu kwa miaka 1600. Rangi yenyewe hufa, mionzi inabaki.

Lipo jambo moja ambalo sijasoma kwa yeyote. Sisi tusemao saa tatu asubuhi tumezoea kutazama mshale mfupi ukielekea kwenye 9 na ulimi ukitamka tatu. Tunageuza bila kufikiri, tangu utotoni. Lakini uso huu hauna tarakimu hata moja, una vijiti tu. Mshale ukifika kushoto ni saa tatu, ukifika juu ni saa sita, na hakuna namba inayobishana na mdomo wangu. Sikuichagua kwa sababu hiyo. Niliigundua asubuhi moja nikiitia majira, nikatabasamu peke yangu. Kama na wewe unaishi katika saa za Kiswahili, tafuta uso wa vijiti.

Kuitia ufunguo nimekufanya kuwa jambo la kwanza baada ya kuamka, kabla sijagusa simu. Kati ya kidole gumba na cha shahada unazisikia zile meno ndogo zikipita, mwanzo nyepesi, halafu zinakaza, halafu zinakwambia basi. Usilazimishe zaidi ya hapo.

Ule mchongo, sasa. Herufi za kwanza za majina matatu, mstari unaotaja miaka 25 ya kazi, kisha tarehe. Makampuni yalikuwa yakitoa saa kama hizi kwa watumishi wa muda mrefu, na ndiyo sababu Omega na nyingine za karati 9 zenye maandishi mgongoni hazikosekani. Wauzaji huziona zina kasoro: nani atataka kuvaa herufi za mtu mwingine? Bei hushuka, wakati mwingine sana, kwa saa ile ile, dhahabu ile ile, mashine ile ile. Kwa anayeanza na mfuko wake si mrefu, hapo ndipo pa kutafuta.

Fundi alipomaliza kazi aliniuliza kama nataka auparuze mgongo uwe laini, maana ni dakika chache. Nikamwomba lenzi yake badala ya jibu. Chini ya lenzi, juu na chini ya kila mstari wa maneno, kuna mistari miwili myepesi mno, ile ambayo mchongaji aliikwaruza kwanza ili herufi zisipande wala kushuka. Hakuifuta yote. Kwenye tarakimu ya mwisho ya mwaka patasi iliteleza kidogo, mkia wa 9 ukarefuka kuliko wa mwenzake, naye akauongezea unene ili kuuficha. Nimefanya kazi ya kukamata makosa ya namna hiyo maisha yangu yote, na hili ndilo la kwanza ambalo sikutaka lisahihishwe. Nikamwonyesha fundi. Akatazama kwa muda, akarudisha mgongo, akaubana.

Imebaki kasoro moja ninayoishughulikia. Kifundo cha kutilia ufunguo si cha asili; kilibadilishwa zamani na cha kawaida kisicho na alama ya Omega, na ni chembamba kupita kiasi, vidole vyenye jasho vinateleza. Fundi amenipa vipimo vya kile kinachofaa, nami nimeviandika kwenye karatasi ndani ya pochi. Nimeshaona vifundo viwili. Cha kwanza kilikuwa kipya mno, kinang'aa pembeni ya kasha lenye umri huu kama jino la bandia. Cha pili kilikuwa na uchakavu unaofaa, lakini ni cha kuchovya, na nilipomuuliza muuzaji akasema hakuna atakayejua. Ningejua mimi, kila asubuhi, kati ya kidole gumba na cha shahada. Bado natafuta.